Mkisimulia mashimo meusi, msiisahau Ngomeni

Mhariri,

Nimeisoma kwa furaha makala mliyoichapa wiki iliyopita kuhusu mashimo meusi, yaani vitu vya angani vyenye mvutano mkali hata nuru haiwezi kutoka ndani yake, na nawashukuru kwa kueleza jinsi darubini za redio zilizotawanyika duniani zilivyounganishwa hadi ikapatikana picha ya shimo la galaksi ya M87, iliyotangazwa mwaka 2019. Hata hivyo, mliianza habari katikati, na sehemu mliyoiacha ndiyo inayotugusa zaidi sisi wa pwani ya Kenya.

Tarehe 12 Desemba 1970, nchi ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimikwa baharini mkabala na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza vyanzo vya eksirei angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilibidi ipande juu kwa sababu eksirei zitokazo angani humezwa na angahewa kabla ya kutufikia, na karibu na ikweta roketi husaidiwa na mzunguko wa dunia yenyewe.

Uhuru iliichunguza Cygnus X-1, chanzo cha eksirei kilichomo katika kundinyota la Dajaja, ikaona eksirei zake zikipanda na kushuka katika muda usiofika sekunde moja. Nilipokuwa nikifundisha fizikia, hapo ndipo nilipokuwa nikiweka chaki chini na kuwaacha wanafunzi wapige hesabu wenyewe: nuru huchukua karibu sekunde 5 kulivuka Jua kutoka ukingo hadi ukingo, na badiliko haliwezi kukivuka kitu upesi kuliko nuru, basi kinachobadilika upesi kiasi hicho hakiwezi ila kuwa kidogo mno kuliko Jua.

Lakini Uhuru haikuweza kuonyesha kwa usahihi miale ile inatoka wapi. Mwaka 1971 darubini za redio za Westerbork, Uholanzi, na Green Bank, Marekani, zilinasa mawimbi ya redio yaliyochomoza katika eneo lile lile, wakati ule ule eksirei zilipobadilika, nayo yakaelekeza kwenye nyota moja, HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Kanada, walipoipima mwendo walikuta inazungukana kila baada ya siku 5.6 na mwenzake asiyeonekana, mzito kupita nyota ya nyutroni, yaani kiini kidogo kilichoshindiliwa mno cha nyota iliyokufa, hivyo hakuweza kuwa ila shimo jeusi. Vipimo vya redio vilivyochapishwa mwaka 2021 vinampa mwenzake huyo uzito wa takriban mara 21 ya Jua. Hilo ndilo shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wanasayansi, na lisingetambuliwa kwa eksirei peke yake wala kwa redio peke yake.

Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili ufukweni Ngomeni, nikawaonyesha kwa kidole mahali roketi ile ilipoondokea. Binti mmoja, ambaye babake ni mvuvi wa hapo hapo, aliniuliza kwa nini jambo hilo halimo kitabuni mwao. Sikuwa na jibu. Nawaomba wanaoandaa vitabu vya sayansi walitie, hata kwa ukurasa mmoja, na nanyi mtakapoandika tena kuhusu mashimo meusi, mwanzie hapo.

Mwalimu mstaafu,
Malindi