Risala ya Wakulima wa Zabibu wa Mpunguzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Banda la Kusindika Mvinyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Viongozi wa dini, wazee wetu, wageni waalikwa, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana,

Mbukwenyi!

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako mjini ukashika barabara ya Iringa kuja kutusikiliza katikati ya mavuno. Umetukuta na mikono yenye rangi ya zabibu. Tunaomba utupokee hivyo hivyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wakulima 28, wanawake 17 na wanaume 11. Mashamba yetu ni madogo, robo eka hadi eka mbili, na wengi tumerithi mizabibu kwa wazazi. Zao hili lililetwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki waliohitaji divai ya misa. Wazee wetu waliokwenda Bihawana kufanya vibarua walirudi na pingili za mzabibu, wakazichomeka nyuma ya nyumba. Mpaka leo ada za shule na mabati ya nyumba zetu vinatoka huko.

Kilichotufanya tujenge banda hili ni lori. Miaka mitatu iliyopita mnunuzi mmoja alituagiza tukate zabibu, tukakata, tukazipanga barabarani kwenye kreti. Lori halikuja siku hiyo wala kesho yake. Siku ya tatu nyuki walikuwa wengi kuliko watu, na maji ya zabibu yalikuwa yanachuruzika hadi mtaroni. Zabibu iliyokatwa haimngoji mtu. Jioni ile tukakubaliana kwamba hatutakata tena tunda tusilokuwa na uwezo wa kulikamua wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utuvumilie kidogo hapa, maana ombi letu lote linatokana na jambo moja, nalo ni baridi.

Mzabibu umezoea nchi zenye majira ya baridi, na huko baridi ndiyo inayoulaza. Kijana wetu aliyesomea kilimo ametueleza kwamba jimboni Minnesota, Marekani, chuo kikuu cha huko kilitoa mbegu ya Frontenac mwaka 1996 na Marquette mwaka 2006, zinazovuka usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri bila kufa. Ningxia, China, wakulima wanayainamisha mashina na kuyafukia kwa udongo kabla baridi haijaingia, kisha wanayafukua joto likirudi. Tabu yote hiyo ni kwa mavuno ya mara moja kwa mwaka.

Kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Anayeulaza ni mkulima mwenyewe: anapunguza maji, anauacha upumzike, kisha anaingia na mkasi. Ukipogolea leo, utakuta kila kidonda kinadondosha machozi, na baada ya siku chache macho ya matawi yanavimba na kuchipua. Ndiyo maana tunavuna mara mbili, Februari hadi Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno haya ya Machi yana kazi zaidi, kwa sababu unyevu wa msimu wa mvua huleta ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani na matunda, na hatuachi kupiga salfa. Ya Agosti yanaiva kwenye ukavu, na sukari yake inapanda vizuri.

Lakini baridi ambayo hatuihitaji shambani, tunaihitaji sana bandani. Tukishakamua, hamira inakula sukari iliyo kwenye mchuzi wa zabibu na kutoa kilevi, hewa ya ukaa na joto. Ukijumlisha joto hilo na la jua la Machi, pipa la lita 200 linachemka lenyewe. Likipita nyuzi 35 hamira inachoka na kufa, sukari inabaki, na vijidudu vya siki vinapata nafasi. Machi mwaka jana tulipoteza mapipa matatu namna hiyo. Mama mmoja wa kikundi chetu aligusa pipa saa tisa alasiri, akavuta mkono, akasema, "Huu sasa ni uji." Kesho yake tulifungua, harufu ya siki ikatupiga usoni kabla ya kifuniko kutoka.

Hatukukaa tukalia. Sasa tunavuna saa kumi na moja alfajiri, kreti zinakaa kivulini, na mapipa tunayavisha magunia ya katani yaliyolowekwa maji. Upepo mkavu wa Dodoma unasaidia kuyapoza. Maganda yanayopanda juu tunayasukuma chini kwa mwiko mrefu mara nne kwa siku, na ya usiku wa manane tunapeana zamu. Zabibu zetu nyekundu za aina ya Makutupora zikifika 22 kwenye kipima sukari, tunapata mvinyo wa kilevi cha asilimia 12 hivi. Agosti, usiku ukiwa bado na ubaridi wa kipupwe, mvinyo unatoka safi na una harufu ya tunda. Nyeupe, yaani Chenin Blanc, hatujathubutu. Inataka nyuzi 15 hivi muda wote, na magunia hayawezi. Kwa hiyo bado tunaiuza mbichi, kwa bei anayoitaja mnunuzi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kupata tanki moja la lita 1,000 la chuma kisichoshika kutu, pamoja na mtambo wa kulipoza. Wanakikundi tumeshachanga shilingi 4,200,000 kwa ajili hiyo, na daftari lipo mezani kwa mweka hazina. Mtambo huo unahitaji umeme wa njia tatu, nao umeishia mita 400 kutoka hapa. Tunaomba pia wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Makutupora, wawe nasi msimu mzima wa kukamua, kwani bila vipimo hatuwezi kufikia alama ya ubora ya TBS. Sheria ya ushuru inautoza kidogo mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 yake ni zabibu za nchini. Unafuu huo tunausikia, ila bila chupa yenye alama dukani hautufikii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hujakata utepe, tunaomba upite kwanza kwenye pipa la nne mkono wa kushoto. Tulilijaza juzi. Weka kiganja chako juu yake, uhisi joto lake, ndipo utuambie.

Tunaomba kuwasilisha.