Harambee ya kuezeka nyumba ya warsha ya mashairi, Langoni, Lamu

Assalamu alaikum warahmatullah. Wazee wetu, mama zetu, ndugu na marafiki, wana wa Lamu mlioko kisiwani na mlioko Mombasa, Nairobi, Jeddah na kwengineko.

Tunakuja tena. Twajua muda haujawa mrefu tangu mlipotununulia mikeka na taa za sola, na kubisha hodi mlango uleule ulofunguliwa juzi kuna haya yake. Lakini paa limetushinda, na masika hayangoji mtu amalize kuona haya.

Nyumba yenyewe wengi mwaijua, ile ya ghorofa ambayo wenyewe walihamia Mombasa wakaturuhusu tuitumie bila kodi mradi tuitunze. Warsha hufanyika juu, chini ya makuti, na makuti hayo yamekula miaka yake. Masika yaliyopita mvua ya usiku mmoja ilipenya hadi kwenye sanduku la madaftari. Asubuhi tuliyakuta yamevimba, kurasa zimegandana, wino wa buluu umetambaa hata beti hazijulikani mwanzo wala mwisho. Tukafunga kamba toka nguzo hii hadi ile, tukayaanika kwa vibanio vya nguo. Yaliyogandana tuliyafungua kwa kisu cha kupakia siagi, ukurasa baada ya ukurasa. Binti mmoja anayesomea uuguzi daftari lake lilisomeka karibu lote, isipokuwa utenzi aliomwandikia marehemu babake. Hakuwa na nakala. Ameuandika upya kwa kukumbuka, na asema kuna beti hazijamrudia.

Kwa msiotujua: warsha hii ni ya watoto wetu wa chuo kikuu. Kaunti yetu haina chuo kikuu chake, hivyo mtoto akifaulu ndio keshaondoka, Kilifi, Mombasa, Nairobi au Eldoret. Njia mwaijua, boti hadi Mokowe, kisha basi la Witu, Garsen na Malindi, na mwaka wa mvua kubwa kama ule wa 2023 maji hukata barabara upande wa Gamba, mtoto akalala njiani. Huko waendako wanaishi vyumba vya kupanga, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, wachelewa, na tangu mfumo mpya wa kufadhili masomo uanze mwaka huohuo wa 2023 kuna wasioelewa wamewekwa kundi gani la ufadhili na kwa nini. Na kijana wa Kiamu hasemi. Ukimuuliza atakwambia alhamdulillahi, salama tu.

Mpe kalamu, ndipo utakapojua. Likizo ikifika tunakutana baada ya Alasiri. Kila mtu anaandika robo saa kimya, haulizwi anaandika nini. Anayetaka kusoma anasoma, asiyetaka anaikunja karatasi na kuitia kikapuni bila jina. Siku ya pili karatasi zinafunguliwa na wengine wanajibu kwa vina vilevile. Bibi zetu wa mtaani nao huja, na hao ndio wakali wa mizani, yaani idadi ya silabi: wanahesabu kwa vidole, na mizani ya tisa penye nane haipiti kwao hata iwe na uchungu kiasi gani.

Ubeti huu ulitoka kikapuni, na aliyeuandika ameturuhusu tuuchape:

Mama yuko dirishani, kila boti atazama,
Yuwadhani ni chuoni, niketiko na kusoma,
Kumbe nimo kibandani, nauza chai na sima,
Nirudi na neno gani, nami jina lishazama?

Hakuna aliyejua kwamba mwenzetu huyu alikuwa amekosa karo na kuacha masomo muhula mzima. Mama mmoja wa mtaa wa Mkomani, asiyemjua mwandishi hadi leo, alijibu hivi:

Rudi mwanangu nyumbani, dikoni nimesimama,
Si shahada natamani, ni wewe mwana mzima.

Kijana alimweleza mamake ukweli wiki ileile. Wazee wawili wa mtaa wakafuata mambo chuoni, akaruhusiwa kuahirisha mwaka badala ya kufutwa. Karo yenyewe bado ni mzigo, hatutawadanganya. Wala hatudai kwamba shairi ni dawa: aliyeelemewa kabisa tunampeleka kwa daktari, hatumpi kalamu tukamwacha.

Lakini kwamba kuandika kunamfaa mwanafunzi, hilo limepimwa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu huko Texas, Marekani. Walioandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu mambo yaliyowaumiza na hisia zao juu yake walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Sisi hatukuhitaji kungoja Texas. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na bado wasomwa nyumba hizihizi. Na wazee mliokuwepo kwenye uchaguzi wa marudio wa Lamu Mashariki mwaka 1975 mwakumbuka mashairi ya kimondo, jinsi kambi za wagombea zilivyochapana kwa beti. Ufundi wa kujibizana ni uleule. Hawa vijana wanautumia kumliwaza mwenzao, na kwa maoni yetu wameupatia matumizi bora kuliko nyinyi, mtuwie radhi.

Sasa hesabu. Tunatafuta shilingi 420,000. Boriti ndizo zinazokula pesa, 215,000, kwa sababu fundi amepanda juu akakuta zilizopo zimeliwa na mchwa. Makuti, kamba ya usumba na ujira wa kuezeka ni 150,000. Zinazobaki, 55,000, ni za sanduku la bati, nakala za madaftari, na akiba ya nauli kwa wanafunzi wanaokwama Malindi. Mkononi tuna 96,500. Yupo aliyeuliza kwa nini tusipige mabati tukapumzika. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na ujenzi wake una masharti. Isitoshe, mvua ikipiga bati hakuna atakayemsikia msomaji.

Mgeni rasmi hatukualika. Tangu Rais alipotangaza Julai 2024 kwamba watumishi wa umma wasishiriki harambee, waheshimiwa wana udhuru mzuri, na baadhi yao tuliona walivyoupokea kwa furaha. Tumebaki sisi kwa sisi. Harusi za Mfunguo Mosi tulikuwepo, tukaona mwimbaji akitunzwa noti hadi hazishikiki mkononi. Hatukatazi kutunza. Ila maneno yale ayaimbayo kuna mtu aliketi mahali akayatunga, na mahali penyewe pavuja.

Asiye na pesa asijifiche. Nahodha mmoja ameahidi kuvusha boriti bure kutoka Mokowe, mwenye punda ameahidi siku mbili za kubeba toka bandarini, na mafundi watahitaji chai na mahamri kila asubuhi. Wanafunzi wenyewe watasuka kamba na kushusha makuti makuukuu. Aliye mbali na akajua kutunga atume ubeti pamoja na mchango wake, utasomwa siku hiyo. Usipotimia mizani, bibi zetu watausema hadharani.

Tutakutana hapohapo nyumbani Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Alasiri inshallah, chini kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, si juu. Michango ipokelewe na mhazini mkononi au kwa M-Pesa. Namba imebandikwa mlangoni, na walio nje watatumiwa na jamaa zao, msiitume kwa namba nyingine yoyote. Hesabu itasomwa mbele ya watu siku hiyohiyo na tena kazi ikimalizika, na karatasi yake itabandikwa palepale penye namba, ikiwa na jina na kiasi cha kila mtu, ila kwa atakayeomba asitajwe. Boriti zinatakiwa ziwe zimelipiwa kabla kaskazi haijakwisha, kwa hivyo ahadi tumezifurahia sana miaka yote, lakini mara hii twaomba fedha taslimu. Anayetaka risiti aseme mapema, kitabu cha risiti tunacho kimoja.