Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Chake Chake

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Mhazini amekwisha kusoma hesabu, nami sina la kuzidisha ila kuwaomba wenye ada za nyuma wazimalize. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotushughulisha zaidi mwaka huu: wagonjwa wa kifua kikuu wanaolalamikia ganzi na nyayo kuwaka moto.

Tulilijadili sana kwenye vikao vya Wete na Mkoani. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu ambayo mgonjwa huimeza miezi yote sita ya matibabu, hushughulikiwa zaidi na kimeng'enya cha ini kiitwacho NAT2. Huipachika dawa kipande kidogo cha asetili, ikapoteza nguvu na kutoka kwa mkojo. Kasi ya kazi hiyo mtu huzaliwa nayo. Kwa wenye kasi, nusu ya dawa huondoka damuni kwa saa moja hivi; kwa wa polepole huchukua kama saa tatu. Hao wa polepole ni wachache Japani, wengi mno Misri, na hata Afrika Mashariki si haba. Dawa ikiwakalia mwilini huwapunguzia vitamini B6, na mishipa ya fahamu ikaumia.

Basi mgonjwa huyo hajarogwa, wala hatafuti kisingizio cha kuacha dawa. Tumuulize habari za miguu kila ajapo, tumpeleke kwa daktari, na dozi asiikatize kwa shauri lake. Wajawazito, wenye kisukari, wanaoishi na VVU na waliodhoofu kwa lishe wanastahili pairidoksini, ndiyo hiyo vitamini B6, tangu mwanzo, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Hili nalisisitiza kwa sababu kinga yake ni rahisi, na maumivu yake ndiyo yanayowatoa watu kwenye matibabu.

Kimeng'enya hicho hicho husaidia kudhoofisha amini za aromatiki, sumu zilizomo katika moshi wa sigara na baadhi ya kemikali za viwanda vya rangi. Mvutaji ambaye chake ni cha polepole yumo katika hatari zaidi ya saratani ya kibofu. Hapa Pemba mkojo wa damu twauita kichocho papo hapo, na mara nyingi ndicho. Lakini mzee mvutaji aliyekwisha kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, kisha damu ikarudi, asipewe tu vidonge vile vile, aandikiwe rufaa.

Kamati inaomba idhini ya kutumia sehemu ya akiba kuchapisha karatasi ya maswali ya miguu na mkojo, kila mwanachama anayetoa dawa awe nayo. Naomba tupige kura kabla ya sala ya adhuhuri.