Idadi ya samaki wa kuvuliwa ifuate oksijeni

Mhariri,

Katika maziwa ya kina kifupi yanayoganda, idadi moja ya samaki wa kuvuliwa mwaka mzima haifai. Theluji nene juu ya barafu huzuia mwanga. Mimea huacha kutoa oksijeni, na ikioza humaliza iliyobaki. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, spishi nyingi hufa.

Wasimamizi wa uvuvi, toboeni barafu sehemu kadhaa, mpime oksijeni kila mita ya kina, mbali na mdomo wa kijito, maana hapo kipimo hudanganya. Kikiporomoka, ruhusuni uvuvi zaidi mapema, kabla samaki hawajaanza kuoza. Barafu ikiyeyuka, tegeni kwanza nyavu za majaribio kuona samaki waliosalia. Waliosalia wakiwa wachache, punguzeni idadi ya kuvuliwa hadi wazaliane.

Msomaji