Viwanja visitangulie ramani

Bwana Mhariri,

Mvua za Septemba zinakaribia, na hapa Bukavu viwanja bado vinauzwa kwenye miteremko mikali. Pale Funu, katika komine (sehemu ya utawala ya mji) ya Kadutu, ardhi yenyewe inasogea polepole mwaka hadi mwaka: kuta zinapasuka, mabomba ya maji yanaachana, mwenye nyumba anaziba ufa kwa saruji na msimu ujao anauziba tena. Jambo hili linajulikana. Kwa nini basi hati itolewe kabla udongo haujapimwa?

Moto nao ni hivyo hivyo. Nyumba za mbao zimebanana, gari la zimamoto halina pa kupita, mtaa mzima unateketea.

Wafanyabiashara wenzangu, wako wanaojenga maduka juu ya mifereji. Mvua ikinyesha, maji yanaingia ghalani kwa jirani na kuloanisha magunia ya unga na sukari. Mtaji unakwisha usiku mmoja.

Namwomba meya barabara na mifereji ichorwe kwanza, mipaka iwekwe ardhini, ndipo viwanja viuzwe. Ramani ibandikwe kila komine, mnunuzi aione kabla hajatoa pesa.

Mfanyabiashara, Ibanda, Bukavu