Kabla ya kubana pumzi tufundishwe kuishusha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, na kama itakuwa ndefu unisamehe, jambo lenyewe limenigusa.

Wiki iliyopita kwenye kurasa zenu za afya mlitoa makala ya kupumua kiyoga pamoja na mantra, yaani neno au sauti fupi inayorudiwarudiwa, kwa ajili ya kutuliza akili na kutafakari. Kuiona tu nilifurahi, manake mambo haya watu wengi wanayahitaji na wachache wanayasema wazi, lakini nilipofika kwenye maelekezo yenyewe nikashtuka. Msomaji anaambiwa ahemee puani kwa kasi, haraka haraka, halafu abane pumzi mpaka ashindwe, arudie, na mantra imetajwa mstari mmoja tu mwishoni kama urembo, ukipenda unaweza kusema Om. Hapana jamani. Hapo mmeanzia juu ya ngazi na msingi mmeuacha chini.

Mimi nimepita huko. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nashtuka usiku moyo unanienda mbio, jasho, kifua kimebana, najua kabisa leo ndo nakufa. Nilienda hospitali wakapima moyo wakapima damu, wakaniambia moyo uko salama, ni wasiwasi. Sasa kuambiwa ni wasiwasi hakukuondolei wasiwasi, nikaingia mtandaoni nikapata video moja jamaa anahema kama mtu anayepuliza moto, nikamfuata, na kabla hata dakika tatu hazijaisha vidole vimekufa ganzi, midomo inachomachoma kama sindano, kichwa kinazunguka, na ile hofu ya usiku ikanijia mchana kweupe. Nikaapa sirudii tena mambo ya pumzi.

Baadae ndo nikaja kuelewa kilichotokea na wala sio uchawi. Ukihema kwa kasi huku mwili haujahitaji, unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, na hii hewa watu wengi tunaichukulia kama uchafu wa kutupa tu, kumbe kiasi chake kwenye damu ndicho kinachosaidia mishipa ya ubongo ibaki imefunguka. Ikishuka ghafla mishipa inasinyaa, ndo hicho kizunguzungu, na damu nayo inapungua asidi mpaka neva zinasisimka, ndo hiyo ganzi ya vidole. Mtu mwenye hofu tayari anapumua juu juu kwa kifua, roho juu, halafu wewe unamwambia ahemee kwa kasi zaidi! Ni kama kumpa chumvi mwenye kiu.

Sisemi kupumua kwa kasi hakuna kwenye yoga, kupo, kuna kapalabhati na kuna bhastrika, ni mazoezi ya kweli ya zamani na wapo wanaoyafanya vizuri. Ila angalia waliotangulia waliyaweka wapi. Patanjali, mwandishi wa kale wa India, alipopanga hatua nane za yoga, pranayama, yaani hii ya kuongoza pumzi, aliiweka ya nne, kabla yake kuna mwenendo na watu wengine, mwenendo wako mwenyewe, na kukaa vizuri mwili ukatulia. Na kile kitabu cha karne ya 15 cha Hatha Yoga Pradipika kinaifananisha pumzi na simba, tembo na chui milia, kwamba wanyama hao hufugwa polepole sana, na ukiwaendea kwa pupa wanakumaliza wewe. Hao ndio mabingwa wenyewe wa kubana pumzi wanaosema hivyo, sio mimi mwoga.

Aliyenirudisha kwenye pumzi ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anafundisha watu wachache tu, bila kelele. Siku ya kwanza alinikalisha akaniangalia navyopumua, hakusema kitu kama dakika mbili hivi, halafu akaniuliza, "Mwanangu, wewe unavuta tu, unatoa saa ngapi?" Mhariri, hilo swali sijalisahau mpaka leo. Nilikuwa navuta, navuta, nikiogopa hewa haitoshi, na kutoa natoa kidogo kwa wizi halafu navuta tena.

Na ajabu ni kwamba lugha yetu ilishalijua hili zamani. Mtu akipata habari njema baada ya mashaka tunasema kashusha pumzi. Hatusemi kavuta pumzi, hatusemi kabana pumzi. Utulivu uko kwenye kushusha. Sijui kwanini tunapofundishwa kupumua ili tutulie kila mtu anakimbilia kwenye kuvuta, vuta kwa nguvu, jaza kifua!

Mwili wenyewe unaonyesha na msomaji anaweza kuhakikisha sasa hivi akiwa amekaa. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, tafuta mapigo, halafu vuta pumzi taratibu utoe taratibu. Wengi watasikia mapigo yanaharakisha kidogo wakati wa kuvuta na yanapungua mwendo wakati wa kutoa. Kuna neva ndefu inaitwa vagasi inatoka kwenye ubongo inashuka mpaka moyoni na tumboni, hiyo ndo breki ya moyo, na wakati wa kutoa pumzi breki inakanyagwa zaidi. Kwa hiyo ukirefusha kutoa unaupa moyo muda mrefu wa breki. Hicho tu. Sio kwamba umeingiza oksijeni nyingi kama makala yenu ilivyosema, damu ya mtu mwenye afya tayari imeshiba oksijeni hata kabla hajaanza zoezi.

Sasa mantra inaingia wapi, na hapa ndo nilipotaka kufika. Ukimwambia mtu mwenye wasiwasi ahesabu nne kuvuta, sita kutoa, anaanza kuzihangaikia hizo namba, nimekosea, nimewahi, nimechelewa, na hesabu inageuka mtihani. Lakini ukimpa sauti ya kutoa, mathalani Om akaivuta taratibu ooooommm mpaka pumzi iishe yenyewe, hawezi kuharakisha, manake sauti inatoka kwa pumzi inayotoka, huwezi kuimba huku unavuta. Kutoa kunarefuka bila kulazimishwa, na kuvuta kunafuata kwenyewe kupitia puani, tumbo linajaa, huna kazi ya kufanya. Mantra ndiyo inayoshika usukani, na akili nayo inapata kitu cha kushika badala ya kurukaruka. Kwa hiyo kuiweka mwishoni kama pambo ni kuitoa injini halafu kuwaambia watu wasukume gari.

Ile mmm ya mwisho nayo msiipuuze. Kuna zoezi linaitwa bhramari, jina lake linatokana na nyuki, unafunga mdomo unavuma tu kama nyuki mpaka pumzi iishe, unasikia mtetemo mpaka kwenye mifupa ya uso. Mwaka 2002 watafiti wa Karolinska, chuo cha utabibu huko Sweden, Weitzberg na Lundberg, walipima wakakuta mtu akivuma, nitriki oksaidi inayotoka puani inaongezeka kama mara 15 kuliko akitoa pumzi kimya, na hiyo ni hewa inayosaidia kutanua mishipa ya damu. Sitasema inatibu kitu fulani, nasema tu wale wazee hawakuchagua kuvuma kwa bahati mbaya.

Mimi mwenyewe ninayoitumia zaidi ni So'ham, maana yake kwa Kisanskriti ni kama kusema "yule ndiye mimi". Ukivuta unasikia "so", ukitoa unasikia "ham", kimoyomoyo, midomo imefungwa. Ukikaa kimya usiku utagundua pumzi yenyewe ina hiyo sauti hata usipoisema, ndo maana wanaiita mantra inayojitamka. Wengine wanaigeuza inakuwa hamsa, siyo hii hamsa yetu ya kuhesabu, kwao ni jina la ndege kama bata bukini. Na wana hesabu yao ya kale kwamba kila mtu anaisema mara 21,600 kwa siku bila kujua, ambayo ukigawa kwa saa 24 unapata pumzi 15 kwa dakika, na mtu mzima aliyetulia kweli anapumua kati ya mara 12 na 20. Nilipoifanya hiyo hesabu kwenye karatasi nilikaa kimya muda kidogo, mtu aliyekaa chini bila saa wala mashine akafika hapo.

Kuna waliouliza, na najua watauliza tena, je hii sio dini ya watu? Nawajibu kwa heshima na kwa ukweli, ndiyo, mizizi yake iko kwenye dini za India, Om na So'ham zina maana ya kiimani kwa wenyewe na sio haki kujifanya ni kelele tu. Asiyetaka kuzitamka asizitamke, na hakosi kitu cha mwili kwa sababu hiyo. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake, walichukua watu 23 wenye afya, wakawapima wakisali Ave Maria ya rozari kwa Kilatini na wakitamka mantra ya Wabuddha wa Tibet, Om mani padme hum. Zote mbili ziliteremsha upumuaji mpaka karibu mara 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaanza kupanda na kushuka pamoja na pumzi kwa mpangilio mzuri. Sala na mantra, watu walioishi mbali mbali kabisa, wote wakafikia sekunde kama 10 kwa pumzi moja. Na Herbert Benson, daktari wa Harvard, tangu miaka ya 1970 alikuwa anawafundisha wagonjwa kurudia neno lolote fupi kila wanapotoa pumzi, hata neno "moja". Kwa hiyo mwenye dhikri yake, mwenye sala yake fupi, mwenye neno "tulia" tu, atumie hilo, mradi liwe fupi, liende na kutoa, na asilibadilishe kila siku.

Sasa ningeomba maelekezo yangekuwa hivi. Kaa, kwenye kiti inatosha, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Dakika ya kwanza usifanye lolote, sikiliza tu pumzi inavyokuja. Halafu tamka neno lako kwa sauti kila unapotoa, pole pole, ukiacha mabega yashuke, mara kumi hivi. Halafu lishushe liwe mnong'ono, halafu libaki moyoni. Akili itaondoka, itaenda kwenye madeni, kwenye ugomvi wa jana, itaenda tu, ukigundua imeondoka rudi kwenye pumzi inayofuata bila kujigombeza. Dakika tano zinatosha. Mimi miezi miwili ya kwanza nilikuwa nafanya tano na mabadiliko makubwa niliyoona ni kwamba nashtuka usiku kama zamani ila narudi kulala, zamani nilikuwa nakesha. Baada ya muda hata kushtuka kwenyewe kukapungua. Sikupona kwa siku saba kama matangazo yanavyosema na simwahidi mtu hivyo.

La muhimu zaidi Mhariri, na hili ndo limenifanya niandike badala ya kunyamaza. Makala haikusema neno hata moja la tahadhari. Mwenye presha ya juu, mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, mwenye kifafa, hao kuhema kwa kasi na kubana pumzi kwa muda mrefu sio vya kujaribu wenyewe nyumbani kwa kusoma gazetini, waongee na daktari wao kwanza. Na mtu yeyote asihemee kwa kasi halafu akaingia majini, kuna watu wanapoteza fahamu chini ya maji hivyo hivyo na kuzama, manake ile kaboni dayoksaidi inayomwambia mtu "pumua" imeshafukuzwa. Na anayetumia dawa za presha au za wasiwasi asiziache kwa sababu ya Om. Mimi zangu niliziacha pale daktari aliposema, kidogo kidogo, na mantra iliendelea pembeni.

Halafu wapo ambao kuifuata pumzi kwenyewe kunawatisha, hasa waliopitia mambo mazito, wakifumba macho tu kifua kinabana. Hao wasidhani wamefeli. Fumbua macho, weka nyayo sakafuni uzisikie, tamka neno kwa sauti na uiache pumzi ijipange yenyewe nyuma ya neno. Ikiwa bado hofu inapanda, acha, simama, tembea, hakuna aliyekulazimisha.

Naomba basi mrudie hayo maelekezo kwenye toleo lijalo, hata kwa kifupi, mkianza na kutoa pumzi na mantra, kubana kukiachwa kwa wenye mwalimu. Na ile sehemu ya tahadhari iwekwe juu kabisa kabla ya zoezi, sio chini kwa herufi ndogo, manake mtu aliyeamka na hofu saa tisa usiku hasomi mpaka mwisho, anasoma mistari miwili anaanza.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.