2800, 30 na 11: kibao cha jiko lako kinasema nini?

Mteja wetu mmoja alituletea picha ya jiko aliloletewa na dada yake kutoka Marekani. Jiko la pleti nne, oveni chini, zito kweli. Nyuma lina kibao kilichoandikwa 11 in. W.C., na regulata ya mtungi wake, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi, imeandikwa 30 mbar. Dukani akaambiwa atafute regulata ya "kumi na moja". Akazunguka Kariakoo mpaka jua likazama. Kilichomchanganya zaidi ni ile W.C. "Fundi," akaniuliza, "hiki kitu ni cha jikoni kweli?"

Ni cha jikoni. Hapo W.C. si choo, ni "water column", yaani safu ya maji. Zamani presha ndogo ya gesi ilipimwa kwa maji, na sisi karakana bado tunapima hivyo. Unachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unaukunja kama herufi U, unamimina maji mpaka nusu. Ncha moja unaichomeka kwenye njia ya gesi, ya pili unaiacha wazi. Gesi ikiingia, maji yanashuka huku na kupanda kule. Tofauti kati ya kimo cha maji ya huku na ya kule ndiyo presha yenyewe. Waingereza na Wamarekani waliipima kwa inchi, na Wamarekani hawajaacha mpaka leo. Regulata zetu zinatumia milibaa (mbar), za mfumo wa metriki.

Inchi moja ya maji ni milibaa 2.49. Kwa hiyo 11 ya jiko la Marekani ni milibaa 27.4. Ukitaka kurudi, gawanya: 30 kwa 2.49 unapata inchi 12 na nukta kidogo. Hapo ndipo pa kushika: gesi ya jikoni inasukuma maji kiasi cha futi moja, urefu wa rula ya mwanafunzi. Basi. Majiko mengi ya China nayo yameandikwa 2800 Pa, namba inayotisha watu bure. Paskali 100 ni milibaa moja, kwa hiyo hiyo ni milibaa 28. Ukiona 2.8 kPa, yaani kilopaskali, ni kitu kilekile. Namba zote hizo ni majirani wa nyumba moja, na regulata ya 30 inazihudumia zote.

Balaa linaanza mtu akichanganya milibaa na psi, ile ya matairi. Psi moja ni karibu milibaa 69. Yuko mtu aliyeona "30" kwenye jiko, akadhani ni psi, akanunua regulata ya presha kubwa, ile ya majiko ya mama ntilie na wakaanga chipsi, yenye kishikio cha kuzungusha. Psi 30 ni zaidi ya baa 2, yaani presha ya jiko lake mara 69! Moto uliruka juu ya bana (pale moto unapotokea) na kunguruma, bahati nzuri akawahi kufunga mtungi. Vilevile usiazime geji ya tairi ili kupima gesi ya jikoni. Milibaa 30 ni psi 0.44, mshale hautatikisika, nawe utadhani gesi haifiki. Hata presha ya damu imezidi: ile 120 ya hospitali, kwa milimita za zebaki, ni milibaa 160.

Kwa fundi anayesoma hapa, mambo mawili kuhusu ule mpira wa maji. Usisome upande mmoja tu. Kwa milibaa 30 maji hushuka sentimita 15 huku na kupanda 15 kule, jumla kama 30.6, ukisoma upande mmoja utaondoka na nusu na kuilaumu regulata isiyo na kosa. Pili, soma bana moja ikiwa inawaka, kwa sababu ukifunga zote presha hupanda kidogo.

Turudi kwa jiko la yule mteja. Presha ilikubali, lakini hatukumruhusu kuliwasha siku hiyo. Majiko mengi ya Marekani hutoka kiwandani yakiwa yamepangwa kwa gesi asilia, jamaa ya ile inayochimbwa Songo Songo, Lindi, na matundu ya jeti zake, vile vipande vidogo vinavyopitisha gesi kwenda kwenye bana, ni makubwa. Gesi ya mtungi ina joto zaidi ya mara mbili kwa ujazo uleule. Ukiipitisha kwenye jeti hizo unapata moto mrefu wa njano, masizi kwenye sufuria, na hewa ya sumu isiyo na harufu. Hapo hakuna hesabu ya inchi wala milibaa itakayokuokoa. Ni kubadili jeti. Kwenye jiko lake jeti ndogo zilikuwa zimefungwa kwenye kifuko nyuma, na regulata ndogo ya jiko lenyewe ilikuwa na kifuniko cha kugeuza juu chini ili ikubali gesi ya mtungi. Kazi ya saa mbili, pamoja na kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kutafuta kuvuja. Tulipomaliza, moto ulikuwa wa bluu na mfupi.

Kama umeletewa jiko kutoka nje, tutumie picha tatu kabla hujanunua chochote: kibao cha nyuma, maandishi ya regulata yako, na moto ukiwa unawaka kama umeshaliwasha. Kibao kikiwa kimefutika, sugua kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya taa, jiko likiwa limezimwa na limepoa, kisha piga picha juani. Mtungi uache nyumbani, usipande nao bodaboda.